Mita Nne za Mzee Kobe

Mheshimiwa Meneja Mkuu wa mgodi wetu. Waheshimiwa wakuu wa idara mlioketi safu ya mbele. Ndugu viongozi wa chama cha wafanyakazi. Mzee wetu tunayemuaga leo, mkewe na watoto wao. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi wa zamu ya asubuhi mliokuja moja kwa moja kutoka shimoni na mabuti yenu, mkaacha nyayo kwenye sakafu ambayo ndugu yetu wa usafi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuipiga deki: nawasalimu nyote. Wasemaji walionitangulia wamesema itifaki imezingatiwa. Mimi sitasema hivyo, kwa sababu itifaki nitaivunja kidogo baadaye, na si vizuri mtu kuanza na uongo dakika ya kwanza.

Kwa wasionijua, mimi ni mpangaji wa mgodi. Kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta na kuchora mtambo usimame wapi, uchimbe wapi, na kifusi ukimwage wapi. Shimoni wananiita Mama Mstari. Nilipokuwa naingia ukumbini leo, mke wa Mzee alinipokea pale mlangoni, akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza, "Wewe ndiye Mama Mstari?" Nikamwambia ndimi. Akasema, "Hee! Miaka yote hii nilikuwa nakudhania mrefu."

Nimepewa dakika saba na karatasi moja. Karatasi imeandikwa na ofisi ya utumishi, na imeandikwa vizuri. Inasema Mzee ni mchapakazi, mtulivu na mfano wa kuigwa. Yote hayo ni kweli. Nimeisoma, nimeikunja, iko kwenye mkoba.

Wageni waalikwa, yule mtambo mkubwa mliouona mlipokuwa mnakuja, wenye mkono mrefu ulioinuka kuliko jengo lolote la hapa, sisi tunamwita Bibi. Bibi hana magurudumu. Anatembea kwa miguu miwili mipana ya chuma, hatua moja mita mbili, na kwa saa nzima anamaliza mita mia mbili, tena hapo awe na haraka. Anatupa ndoo mbele, anaikokota kwa kamba za chuma mpaka ijae, anainyanyua, anageuka, anamwaga udongo upande wa pili, kwenye ukanda ambao makaa yake ya mawe yalishatolewa, kisha anarudi kuchota tena. Gari dogo linaingia ndani ya ndoo hiyo, na nafasi ya dereva kushuka na kufunga mlango inabaki. Kazi yote hiyo ni dakika moja. Mzee wetu ameifanya kwa miaka thelathini na mmoja.

Mimi nilifika miaka ishirini iliyopita, pamoja na programu. Kabla yangu mipango ilichorwa kwa penseli, na mwenye penseli alikuwa anashuka shimoni kuuliza. Programu haishuki. Unaipa unene wa udongo, unaipa mteremko ambao kifusi hukaa chenyewe bila kuporomoka, unaipa upana wa ukanda, na unaipa ufiko wa mtambo, yaani kutoka katikati ya Bibi mpaka pale ndoo inaponing'inia. Basi. Inakuchorea ukanda mzima, inakuhesabia kila ndoo, inakuonyesha Bibi mdogo kwenye kioo akizunguka mchana kutwa bila kuchoka na bila kuomba ruhusa ya kwenda haja. Mtu anawezaje kuangalia kitu kama hicho asikiamini?

Ilipofika kwenye ufiko wa mtambo, nilifanya alichofanya kila aliyesoma: nilifungua kitabu cha watengenezaji. Kitabu kilisema mita themanini na saba. Nikaandika themanini na saba.

Na kitabu hakikudanganya. Bibi alitoka kiwandani na mita zake themanini na saba. Lakini miaka sita kabla sijaajiriwa, kampuni ilimpa ndoo kubwa zaidi, na mafundi, ili mkono wake uweze kubeba uzito ule, waliuinua ukasimama zaidi. Mkono ukisimama, haufiki mbali. Inua wako hapo ulipo uone. Bibi alipoteza mita nne. Fundi yeyote wa wakati ule alijua. Opereta yeyote alijua. Hakuna aliyeandika popote, maana waliojua hawakuwa na haja ya kusoma, na mimi niliyehitaji kusoma sikuwa na wazo la kuuliza.

Mita nne ni kitu gani? Ni kutoka jukwaani hapa mpaka kwenye viatu vya Mheshimiwa Meneja. Lakini kifusi kisipofika mahali pake, kinateremka na kuukalia ukingo wa makaa, na makaa uliyoyafukia kwa kifusi chako mwenyewe ni sawa na ambayo hujawahi kuyaona.

Sasa Mzee alipewa mchoro wangu wa kwanza. Nimeambiwa aliutazama, akaukunja mara nne, akauweka chini ya hotipoti yake ya chakula, akafanya kwa akili yake. Alimwaga udongo kidogo mbele ya Bibi, akausawazisha ukawa kama daraja, akamtembeza Bibi juu yake, ndipo akatupa. Akafika. Ila ule udongo wa daraja ilibidi auchote tena, kwa hiyo kila ndoo ya saba ilikuwa ya kurudia. Na programu, ndugu zangu, haihesabu udongo uliochotwa mara ya pili. Inahesabu mpya tu.

Mwisho wa mwaka nikatoa ripoti. Mzee alikuwa nyuma ya mpango kwa asilimia kumi na nne. Nilichora grafu, nguzo moja kwa kila opereta, yake ikawa fupi kuliko zote, nikaitundika kwenye chumba cha kubadilishia zamu ili watu wahamasike. Kesho yake kuna mtu, simjui, na kama yumo humu ndani tafadhali asijitaje, alichora kobe mdogo kwa kalamu juu ya nguzo ile.

Ninyi wa zamu ya asubuhi mlipoajiriwa mlimkuta tayari anaitwa Mzee Kobe. Mnadhani ni kwa sababu ya mwendo wa Bibi. Mnalitaja jina hilo kwa mapenzi, nalijua hilo, na bango lililo nyuma yangu mmelipaka rangi nzuri: Heri ya Kustaafu, Mzee Kobe. Jina hilo lilitoka kwenye grafu yangu. Na grafu yangu haikuwa ya kweli.

Baada ya grafu ikaja barua. Barua ya onyo niliiandika mimi, aya tatu, na maneno yake nayakumbuka: "kushindwa kutimiza mpango bila sababu ya msingi." Walimtoa kitini wakampeleka kwenye kebo. Wageni, Bibi anakula umeme, na umeme wake unapita kwenye kebo nene kama paja la mtu, inayoburutwa matopeni. Kila anapohama, wapo watu wa kuisogeza kwa kulabu. Mtu aliyekaa juu kitini kwa miaka kumi na miwili alishuka chini kumsogezea kebo mwenzake. Miezi mitano.

Mkewe amenisimulia leo kwamba nyumbani hakutamka neno. Aliondoka saa ile ile, na hotipoti ile ile. Alichogundua mama ni nguo. Zamani zilirudi na grisi mikononi, sasa zinarudi na matope mpaka kiunoni. "Nikafua," ameniambia. "Sikumuuliza. Mtu akitaka kusema atasema."

Mwenzake aliyepewa kiti alikuwa hodari wa kufuata mchoro. Alinifuata mstari kwa mstari. Ile asilimia kumi na nne ikarudi yote, nikapigiwa makofi humu humu ukumbini, nikapewa cheti chenye fremu. Bado ninacho.

Ukanda ulipokwisha, msimamizi wa upakiaji wa makaa alikuja ofisini kwangu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisimama mlangoni na matope yake, akatazama kompyuta, akasema, "Mama Mstari, makaa yako ya kwenye kioo nimeyaona. Mazuri. Sasa njoo unionyeshe yaliyoko chini."

Nikamwambia, "Si yako pale pale kwenye ukingo?"

"Yako chini ya kifusi, mama. Mita nne kwa kilomita moja na nusu. Sasa tukapakie nini, picha?"

Nikachukua futi kamba ya mita hamsini, nikashuka. Bibi alikuwa amesimama kwa matengenezo, ndoo imeshushwa mpaka ardhini. Nilihitaji mtu wa kunishikia upande wa pili, na aliyekuwa karibu ni mtu wa kebo.

Alishika. Futi ilipoishia aliweka buti lake juu ya alama, nikazunguka, tukaanza upya kutoka kwenye buti. Tukaongeza nusu ya upana wa msingi wa Bibi. Ikawa themanini na tatu. Tulirudia, maana mimi ni mbishi. Themanini na tatu.

Nikamuuliza, "Mzee, ulikuwa unajua?"

"Mama, mimi nimekaa naye miaka kumi na miwili."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nimesema kila siku." Alikuwa anakunja futi yangu taratibu, anaifuta matope. "Kwenye fomu."

Fomu ya zamu, ndugu zangu, niliibuni mimi mwenyewe, ili iingie vizuri kwenye kompyuta. Sababu za kuchelewa zilikuwa na namba: moja mvua, mbili umeme, tatu kebo, nne ulipuaji, tano nyinginezo. Mbele ya tano niliacha nafasi fupi ya maelezo, kwa heshima tu, kama mtu anavyomkaribisha mgeni akijua hatakaa. Karani aliingiza namba. Maneno hayakuwa na pa kuingia.

Nilikwenda stoo ya makaratasi nikazitoa fomu zake. Zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Kila moja ina tano, na mbele ya tano, kwa mwandiko ule ule ulionyooka, maneno mawili: mkono haufiki. Mkono haufiki. Mkono haufiki. Kwenye kompyuta yangu mimi nilikuwa nimeona "nyinginezo" mia mbili na kumi na mbili, nikajisemea moyoni, huyu bwana ana visingizio! Niliketi juu ya boksi nikazisoma zote, ingawa zote zilisema kitu kimoja. Niliona aibu. Naisema kwa sauti yangu ya kawaida kwa sababu sina nyingine, lakini ilikuwa aibu, na mpaka leo haijaniisha.

Kurekebisha programu kulichukua chini ya dakika moja. Futa saba, andika tatu, hifadhi. Bibi mdogo wa kwenye kioo akasogea nyuma kidogo na michoro yote ikabadilika yenyewe. Mzee alirudishwa kitini. Sababu iliyoandikwa ilikuwa "uhaba wa waendeshaji". Grafu niliibandua. Tangu siku hiyo hatujafukia tena ukingo wa makaa, na wageni kutoka migodi mingine wamekuja kujifunza jinsi programu yetu inavyokubaliana na shimo letu.

Barua sikuifuta.

Kwa nini? Mwanzoni niliogopa kibarua changu kisije kikaota nyasi. Nilikuwa mgeni kazini, cheti kiko ukutani. Baadaye nikasema yaliyopita si ndwele. Halafu nikazoea. Ndivyo ilivyokuwa, sina maelezo marefu zaidi ya hayo.

Lakini barua haikukaa bure. Cheo cha Opereta Mkuu kinataka jalada lisilo na onyo. Kimetangazwa mara mbili katika miaka hii. Mzee aliomba mara mbili, na mara zote mbili hakuitwa hata kwenye usaili. Waliokipata wote wawili aliwafundisha yeye, kwa mikono yake, kwenye kiti kile kile. Mmoja wao yuko pale safu ya pili, na naona ananiitikia kwa kichwa. Je, nilijua kwamba ni barua yangu iliyomzuia? Mara ya kwanza sikujua. Mara ya pili nilijua.

Na yeye hakuwahi kunisema. Kila ukanda mpya ulipoanza alikuja ofisini kuchukua mchoro, anasimama, ananiuliza swali lile lile: "Themanini na tatu?" Nami najibu, "Themanini na tatu, mzee." Anachukua, anaondoka. Nilidhani ananitania. Wiki iliyopita ndipo nilipojiuliza kama kweli ulikuwa utani. Wanasema ukimwona kobe kainama, ujue anatunga sheria.

Wiki iliyopita ofisi ya utumishi ilinipa jalada lake nichukue tarehe za hotuba hii: alianza lini, alihitimu lini. Nikalifungua. Barua yangu ndiyo ilikuwa juu. Miaka kumi na tisa haina karatasi nyingine juu yake, kwa sababu mtu huyu hakufanya kosa jingine la kuandikiwa. Wala lile hakulifanya.

Hapa ndipo ninapovunja itifaki. Kanuni za utumishi zinasema barua ya onyo inaweza kufutwa na aliyeiandika, kwa sahihi ya Meneja Mkuu, mhusika akiwa bado kazini. Mzee yuko kazini mpaka saa kumi na moja leo jioni. Baada ya hapo jalada linafungwa, linapelekwa stoo, na halirekebishwi tena. Sasa hivi ni saa tisa na dakika ishirini na nane.

Mheshimiwa Meneja Mkuu, nilikuletea barua ya kufuta tangu Jumatatu. Katibu wako aliniambia iko mezani kwako. Meza hiyo naijua. Kwa hiyo nimekuja na nakala nyingine, na kalamu.

Mzee ananipungia mkono pale. Anasema, "Mama, achana nayo." Mzee, samahani, leo mwenye kipaza sauti ni mimi.

Huenda mtu anajiuliza, itamsaidia nini mtu anayeondoka leo? Cheo hakipati tena. Mimi ni mtu wa hesabu, nakubali: cheo hakipati. Lakini jalada ndicho kitabu cha mtu. Wajukuu zake wakija siku moja kuomba kazi hapa, kitafunguliwa kitabu hicho. Na nimetumia robo saa nzima kuwaeleza kinachotokea watu wanapoamini kitabu chenye kipimo ambacho si cha kweli. Tuwafanyie na wajukuu?

Mheshimiwa, ni hapo chini, mkono wa kulia. Na tarehe. Hapana, mheshimiwa, na saa pia, kanuni inataka saa.

Nakushukuru sana. Naomba ndugu katibu wa kikao aandike kwenye kumbukumbu: saa tisa na dakika thelathini na moja. Na makofi hayo msinipigie mimi, tafadhali. Mimi nilishapigiwa ya kwangu, kwa asilimia kumi na nne isiyokuwepo.

Limebaki dogo. Ndani ya programu, mbele ya kila kipimo kuna kisanduku kinachouliza: chanzo? Mbele ya themanini na saba niliwahi kuandika "kitabu cha watengenezaji". Mbele ya themanini na tatu hapakuandikwa kitu. Kisanduku kimekaa kitupu miaka kumi na tisa. Leo asubuhi nimekijaza. Nimeandika jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho cha kazi, si hili la kwenye bango. Kila mchoro unaochapwa hubeba vyanzo vyake kwenye kona ya chini. Zamu ya asubuhi, kesho mtapewa mchoro wa ukanda mpya. Najua mtaukunja na kuweka chakula juu yake. Kabla ya hapo, someni kona.

Tena fomu ya zamu imebadilika. Sababu ya tano ina ukurasa mzima, na anayeisoma ni mimi.

Mzee, nilikukosea. Nilikukosea kwa kutokujua, kisha nikakukosea kwa kujua, na hili la pili ndilo kubwa. Naomba unisamehe. Hata usiponisamehe, barua imefutwa. Na wewe, mama yangu, uliyefua matope yale miezi mitano bila kuuliza: aliyeyaleta nyumbani kwako ni huyu huyu mfupi unayemwona.

Ndugu zangu, nilipewa dakika saba nimetumia zaidi ya ishirini. Nadhani aliyekadiria naye alifuata kitabu. Nawashukuru nyote kwa kuketi na kunisikia mpaka mwisho. Mzee, barua yako hii hapa. Ishike pembeni, wino haujakauka.